Mistari Minne

Fomu ina mistari minne.
Niliihesabu ngazini, nikaihesabu tena
nje, juani, chini ya kibao cha Mfuko,
Wete, saa tano, wauza samaki washaanza
kumwagia maji mbao zao.

Yule kijana wa dirishani hakuwa mbaya.
Ana sauti ya mtu aliyelala vizuri.
"Kipato kwa mwezi, mama?"
Nikamuuliza: mwezi upi?
Mwezi wa karafuu nina mikono kumi,
nachambua mpaka kucha zinaingia weusi,
pishi kwa pishi, na usiku nalala nanukia kama harusi.
Mwezi usio wa karafuu nauza vitumbua,
na vitumbua, mwanangu, vina siku vinanunuliwa
na siku tunavila wenyewe.
Akaandika kistari.
Ndio mshahara wangu huo, kwa mujibu wa fomu: kistari.

Akanieleza bima.
Wazima wanachanga, wagonjwa wanatibiwa,
kesho wanabadilishana.
Nikamwambia hiyo twaijua, kwetu haina kadi,
ina pakacha linalopita mlango kwa mlango
na mara nyengine linarudi na ndizi tu.
Akacheka. Kisha akauliza:
"Wategemezi?"

Hapo ndipo mistari minne.
Ukizidi, kila kichwa na bei yake,
akanionesha bei kwa ncha ya kalamu,
polepole, kama anayemuonesha mgeni
shimo lilipo njiani.

Nyumbani Kangagani tuko saba.
Shaame, aliyeanguka mkarafuu mwaka juzi,
nyonga yake inajua mvua kabla ya redio.
Mamake, Bi Riziki: sukari.
Wanangu watatu.
Haji, wa marehemu dada,
kifua chake hupiga filimbi usiku.
Na mie.

Baada ya isha niliiweka fomu mkekani.
Sikusema kitu.
Karatasi yenye muhuri haihitaji msemaji.
Bi Riziki akaitazama kwa mbali:
"Mie usinitie. Chumvi nimekula miaka sabini,
hiyo sukari niachieni, ya kuteremshia."
Tukacheka, yeye zaidi.
Shaame akainuka kwenda kuzima taa,
hatua tano, bila ya kuchechemea.
Niliziona. Meno yake yalikuwa yameumana.

Na Haji, sijui nani alimwambia,
sijui watoto husikia kwa wapi,
usiku ule kifua chake hakikupiga filimbi.
Nikaamka kwa kile kimya.
Miaka saba, amejifunika shuka mpaka kichwani,
anaizuia pumzi
ili asiwe ghali.
Hata ikamshinda, ikatoka yote pamoja,
filimbi, kikohozi,
na katikati ya kikohozi:
"Samahani, mama mdogo."

Samahani.

Nilimpakata mpaka adhana ya alfajiri,
mgongo wake kwenye kiganja changu
ukipanda na kushuka, ukipanda.
Kabla sijabandika chuma cha vitumbua
nikaandika jina moja, mstari wa kwanza,
herufi kubwa, nikikandamiza mpaka karatasi ikachomoza nyuma.

Mitatu iko wazi.
Zamu yangu ya upatu bado miezi miwili,
na mikarafuu mwaka huu imetoa majani matupu.
Fomu iko chini ya godoro, upande wa Shaame,
naye anajifanya hajui analalia nini.

Kalamu si yangu. Ni ya yule kijana,
nilitoka nayo mkononi bila ya kujua.
Jumatatu nitampelekea.
Kwa kalamu tu, hawawezi kunifungia dirisha.