Mguu wa Karani

Siku ya nne hakuwika.
Huku juu Mabatini, tunakoishi katikati ya mawe
kama wapangaji wa mwenye nyumba asiyesema,
jogoo akinyamaza mtaa mzima unasikia.

Nilimkuta nyuma ya pipa la maji,
kasimama kwa mguu mmoja, undu umepauka.
Karani, tulimwita hivyo kwa mwendo wake:
mbawa mgongoni, kifua mbele,
akiwakagua mitetea kama anakagua risiti.
Sasa mtetea mdogo kuliko wote
anamnyang'anya punje mbele ya mdomo
naye anatazama pembeni.

Mama Holo wa dukani alisema: chinja
kabla hajakonda, ukingoja utakula manyoya.
Kijana wa dawa za mifugo
hakuinua hata uso kwenye simu: kuku mmoja?
Mwanangu Lushinge ndiye aliyeniuliza,
Mama, si wewe unayesafisha vidonda vya watu?

Kweli. Miaka kumi na tisa wodini,
vidonda vya sukari, vya pikipiki, vya ndoana, kimoja cha mamba,
na hakuna mgonjwa aliyewahi kunirushia kipi.

Nilihitaji mikono minne.
Miwili ya ziada ilikuwa ng'ambo ya ua, ya Mzee Budeba
mshona nyavu. Tangu Kwaresima hatusalimiani
kwa sababu ya jogoo huyu huyu:
saa tisa za usiku, alisema, ni za wezi na wagonjwa,
si za kupigiana kelele.
Alikuja na miwani yake ya kazi,
akaketi juu ya jiwe, akampakata Karani,
kichwa chini ya kanga yangu,
na ndege akatulia
kama mtoto aliyedanganywa kuwa kumekucha usiku.

Maji ya uvuguvugu, chumvi vijiko viwili.
Tuliuloweka mguu mpaka kigaga kikalainika.
Kikatoka cheusi, kisha usaha, kisha ile harufu
ambayo pua yangu huitambua kabla sijafungua bandeji.
Nikabinya. Nikaosha. Nikabinya tena.
Na pale magamba yanapoishia,
kitu chembamba kikang'aa.

Uzi.
Nailoni ya kijani, imejizungusha mara tatu,
imezama ndani kama pete ya mwanamke aliyenenepa.

Nilipenyeza ncha ya wembe.
Karani akatikisika mara moja tu.
Nikauvuta taratibu, ukatoka na fundo lake,
fundo dogo, safi, la mtu anayejua kazi.

Nikauweka kiganjani. Mzee Budeba akautazama.
Nami nikamtazama yeye akiutazama.
Kule chini ziwa lilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu,
watu wa dagaa wanakung'uta nyavu.
Nikapaka asali, nikanyunyiza unga wa kidonge cha rangi mbili,
nikafunga kwa kipande cha shuka, mizunguko miwili,
bila kubana: damu nayo inahitaji njia ya kurudi.

"Kesho tena?" akauliza,
kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu alichoangusha.
Kesho, nikasema, na keshokutwa. Asubuhi na jioni.

Alfajiri nilisikia ufagio kabla ya adhana.
Siku kumi na moja nilisikia ufagio
ng'ambo ya ua, polepole, mpaka kwenye nyufa za mawe,
halafu vidole vikiokota vipande kimoja kimoja,
vikivitia kwenye kopo la maziwa,
na kifuniko kikifungwa.

Siku ya kumi na mbili, saa tisa za usiku,
Karani aliwika. Vibaya. Sauti ya bati lililokatika,
nusu tu, akaishia kukohoa.
Nikangoja matusi.
Nikasikia kitanda kikilia, mtu akigeuka,
kisha mzee, peke yake gizani:
"Haya. Tumesikia."