Uzi Mmoja, Mapito Manane

Kebirungi, mpishi wa shule yetu hapa Rukungiri,
alikuwa akichambua mawe kwenye maharagwe
siku niliyoshindwa kuwafundisha Wagiriki.

Kitabu chenyewe kilikuwa nakala ya nakala,
kurasa za katikati zimetafunwa na mashine.
Nilisoma: mwaka wa tisa, jeshi bado liko ufukweni.
Atukunda akapiga miayo hadi nikaona kidaka tonge.
Nuwagaba akauliza, mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?

Nikaenda jikoni kutafuta chai.
Nikamwambia: hawa watu hawakuyasoma haya, Kebirungi,
waliyasikia. Mtu alikaa na kinubi mapajani,
nyuzi nne, labda tano, hakuna ajuaye kwa hakika,
akayavuta maneno kutoka kwenye utumbo wa kondoo
mpaka mifupa ikapoa mezani.
Maneno tumebaki nayo.
Sauti ilioza pamoja na vidole.

Hakuinua macho. Nyuzi nne, alisema.
Kisha, baada ya jiwe jingine: walikuwa na mzigo mwepesi.

Jioni alileta enanga ya baba yake,
kibao kilichochimbwa kama hori la ndama,
na juu yake uzi mmoja tu,
uzi mmoja wa kano unaokwenda na kurudi
mara nane kwenye meno ya mti.
Ukikatika popote, zote nane hunyamaza.
Marehemu hakuacha mtoto wa kiume.
Alimfundisha binti usiku, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayemkopesha jirani kitu cha ukoo.

Soma, akasema. Nikasoma kimwalimu.
Akanigonga goti kwa mwiko. Sivyo.
Posho hujawahi kusonga?
Unavuta mara moja, kwa nguvu zote za bega,
halafu unagonga sufuria, ta-ta.
Unavuta. Ta-ta.
Nami niliyefundishwa chuoni kwamba mstari wao
ulipimwa hivyo hivyo, ndefu, fupi, fupi,
nikakaa juu ya ndoo nisijue niseme nini.

Tulifika kwenye orodha ya merikebu,
pale ninaporuka kila mwaka:
nani kaleta ngapi, katoka mji gani.
Nikafunua ukurasa. Akaufunua tena.
Hapa ndipo penye chumvi, alisema.
Baba aliwataja ng'ombe arobaini,
kila mmoja kwa jina na kilima chake,
na hakuna aliyesinzia,
maana kila mtu alikuwa akimngoja wa kwao.

Akapiga. Na Kiswahili changu, bila kuagizwa,
kikajipanga nane nane
kama watoto kwenye foleni ya uji:

Nipe sauti nisome
majina yao niseme
wafu wasije wazame
kwenye karatasi bubu.

Uzi ni huu mmoja
wenda na kuja, wangoja
kila pito lina hoja
na kila jina jawabu.

Kesho yake aliingia darasani, unga viwikoni.
Mkuu wa shule alichungulia dirishani mara mbili.
Merikebu ya kwanza ikapita, na ya pili,
Nuwagaba akawa anagonga dawati, ta-ta,
sidhani alijua.
Kwenye ya tatu uzi ukakatika.

Nane zikanyamaza.
Kebirungi aliushika ule ukia wa kano
akautazama kama bili ya hospitali.
Kisha? akauliza Atukunda. Halafu nani akaja?
Nikasoma mstari uliofuata, mkavu, peke yake,
na kwa mara ya kwanza nikasikia vizuri
kile ambacho hatuna.

Harufu ya kuungua ikatufikia wote pamoja.
Alikimbia, enanga kwapani.
Maharagwe tuliyala hivyo hivyo.