Vikopo Sita

Kwanza nilinunua mawaridi, sita,
kwenye vikopo vya plastiki, kando ya barabara ya Nyali.
Muuzaji aliniapia.
Upepo ukavuma siku nane na chumvi yake,
nayo yakaniaga moja moja, kistaarabu.

Nikashika mtaimbo. Shimo la shubiri moja
lilinila asubuhi nzima:
chini ya vumbi la Tudor ni jiwe la matumbawe,
na jiwe halimjui mgeni.

Basi nikatoka kuyatazama maua yasiyo na mwenyewe.
Vinka kwenye ufa wa shimo la choo,
inachanua kama inayolipwa.
Mshubiri juu ya kifusi, umesimamisha mshumaa wake mwekundu.
Asumini ya Bi Rukiya, ambayo tangu atoke eda
haijaonja ila maji ya kuoshea mchele.
"Kata hapa, chini ya fundo," akaniambia,
"wala usiuombe radhi."

Vifupi mbele, virefu ukutani,
samadi ya mbuzi, makumbi ya nazi yakafunika mizizi.
Dumu la maji niligawa kama mirathi:
kwanza vyombo, kisha mimea.

Masika yalipokaribia nikakata yote kwa mkasi wa kushonea.
Mbwarali akasema nimeua bustani.
Sikumjibu.
Mwezi wa tano ulimjibu, ukuta mzima.

Vile vikopo sita sikuvitupa.
Nimevitoboa matako kwa msumari wa moto;
ndivyo ninavyonyweshea,
tone kwa tone,
yaliyokubali kukaa.