Nusu Kikombe

Siwema humimina chai nusu.
Hasemi kwa nini, nami siulizi.
Ndani ya kikombe kuna duara la chai ya zamani,
na mpaka mpya uko chini yake, vidole viwili.

Ilikuwa Februari, Dar imeiva kama jiko.
Nilikuwa juu ya ngazi kule Tegeta
naandika VIFAA VYA UJENZI kwa herufi zenye kivuli.
Mgongo ukauma. Nikameza vidonge vya maumivu,
viwili viwili, vya duka la dawa la kona.
Tumbo nalo likaanza kwenda mbio.
Na Mama Chaurembo wa nyumba ya pili alikwisha nionya:
presha hiyo, baba, punguza chumvi.
Nikapunguza.

Sikujua chumvi huoneana wivu.
Ya mezani ikitoka,
ya kwenye kopo la dawa hukaa kitako,
huvuta mkeka, huita ndugu zake.

Miaka kumi na moja tulipatana, mimi na lithiamu.
Kidonge asubuhi, kidonge jioni,
damu ikapimwe kila miezi mitatu.
Mwaka jana niliruka mara mbili. Kazi zilikuwa nyingi.
Ndiyo iliyonitoa kwenye usiku ule
nilipopaka bluu ukuta wa watu wa Sinza,
bila kuombwa, nikiimba, hadi adhana.
Kwa hiyo siitukani.
Mlinzi akikupiga rungu kwa bahati mbaya
haina maana hakuwahi kulinda.

Ilianza mikono. Kisha ulimi.
Nikasema "maji", likatoka neno lenye matope.
Nikaanguka kituoni Afrikana, saa tatu asubuhi,
kijana wa bodaboda akacheka: mzee kalewa mapema!
Nilitaka kumjibu,
ila sentensi ilikuwa ndefu kuliko mdomo.

Mashine ya kusafisha damu inakoroma tu, kama jirani.
Niliiona damu yangu kwenye mpira
ikienda, ikirudi,
nikaihesabia nauli.
Mbili nukta tisa, alisema Daktari Mwakipesile,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei asiyoipenda.
Akasema pia: damu husafika upesi.
Ubongo, tusubiri.

Tunasubiri. Mwezi wa saba huu.
Vidonge vya sasa ni vikubwa, bado havijanizoea.
Nikicheka sana usiku, Siwema huacha kula
ananitazama, anapima kicheko.

Natembea kama niliyevaa viatu vya mtu,
nimeshika kuta za Mwananyamala
ambazo nusu yake niliziandika mwenyewe:
SALUNI. GENGE. TUNACHAJI SIMU.
Kiganja kinapita juu ya herufi zangu,
zimenyooka hata hazinitambui.

Kila asubuhi naandika S nyuma ya risiti ya luku.
S ni herufi ngumu, haina pa kupumzikia.
Ya Machi ilikuwa mnyoo.
Ya Juni, nyoka aliyekanyagwa.
Ya leo siisemi, nisije nikaitia kijicho.
Siwema huzitunza kwenye kopo la maziwa
kando ya kopo la chumvi,
na chumvi yenyewe huipima: kijiko kile kile,
hakizidi, hakipungui,
kama anayemlisha mtoto wa watu.

Wazee husifiwa wamekula chumvi nyingi.
Mimi nimekula za aina mbili,
na miaka arobaini na tatu tu.

Jana Mwanahawa, binti wa mpangaji, kaagizwa aniletee chai.
Hajui habari.
Kajaza mpaka ukingoni,
akaja taratibu, ulimi nje, macho kikombeni,
hakumwaga hata tone.
Siwema akainuka. Nikamwashiria akae.

Nikakishika kwa mikono yote miwili.
Kikagonga kisahani kama meno ya mwenye homa.
Nikanywa kilichobaki.
Halafu nikanywa cha kwenye kisahani.