Kwa Mpima Damu wa Mtanda

Umepanga chumba nyuma ya duka la magodoro,
tangazo umelibandika kwa gundi ya unga,
na mama mdogo Somoe, asiyeazima hata kiberiti,
ameazima elfu thelathini aje akuone.

Ulimchoma kidole cha pete.
Tone likalala kiooni, likakua, likajaa skrini,
akaziona chembe zake: vitumbua vyekundu
vilivyobonyea katikati, vimelaliana
kama vya mama ntilie aliyekosa wateja.
Ukamwambia: mama, damu yako imezimika.
Kila chembe ina chaji, ndiyo inayozitenga na wenzake;
zako zimeishiwa, ndiyo maana zinagandana.
Ukamuuzia chupa. Maji na chumvi.
Kifuniko asubuhi, kifuniko jioni, umeme utarudi.

Hapo hapo umeme wa Lindi ukakatika.
Hili kalisimulia mwenyewe, akicheka hadi akashika ubavu:
skrini kimya, feni kimya,
wewe uko uani unavuta kamba ya jenereta,
yeye gizani, kidole mdomoni,
anaonja damu yake. Chumvi.

Mimi si adui yako.
Mwaka wa kumi na moja huu niko maabara ya mkoa.
Ni kweli moyo una umeme; nimeuona ukichora milima kwenye karatasi,
nimeuona pia ukiacha kuchora.
Ni kweli dripu ni chumvi, gramu tisa kwa lita,
na ilimrudisha mtoto wa Ng'apa aliyeletwa macho yamezama.
Uongo wako una mzazi mkweli,
ndiyo maana unatembea mtaani kifua mbele.
Lakini tone lolote likianza kukauka kiooni,
liwe lako, liwe la bwana harusi,
vitumbua vitalaliana.
Na Somoe ana presha. Kadi yake ina wino mwekundu:
APUNGUZE CHUMVI.

Nilimweleza yote. Nikamchorea.
Akaitikia "ehee, ehee,"
kama mtu aliyejibanza kibarazani mvua ipite.

Hukumjua, bwana.
Miaka ishirini na sita kasimama mashamba ya chumvi, Mitwero,
maji makali hadi magotini, reki mkononi,
visigino vimepasuka kama ardhi ya Oktoba.
Chumvi ingekuwa umeme
tungemfunga waya mmoja tu,
Lindi nzima ikalala taa zikiwaka.

Jumatano akaimimina chupa yako kwenye sinia la bati,
akalipandisha paa la choo, akalifunika chandarua kukuu.
Ijumaa akalishusha.
Akakwangua kwa ukucha, akapata
kitu kisichojaza kizibo cha soda.
Akalamba. Akafumba macho.
"Ya Mitwero," akasema. "Tena bwawa la tatu,
lile lenye tope. Nimeifunga mwenyewe hii.
Kiroba kizima elfu nne."

Pesa hajazidai, wala hatazidai.
Ila jioni ile, akichambua mchicha, aliniuliza
bila kuinua kichwa:
"Miaka yote uko huko na madarubini yenu,
mbona wewe hukuwahi kunionyesha damu yangu?"

Nilisema mafaili ni mengi.
Nilisema utaratibu.
Akaendelea na mchicha wake.

Jumatatu nilimpakia bodaboda.
Nikamchoma kidole, nikamsogezea kiti,
akainama, pumzi yake ikitia ukungu kwenye lenzi,
nikaufuta, akainama tena.
"Zinasukumana," akasema. Halafu, polepole:
"Kumbe ni nyingi hivi."

Dirishani foleni ilianza kunung'unika.
Niliiacha inung'unike.