Mwandiko wa Moto

Nilisema lisiwashwe kabla sijafika.
Saa moja na nusu asubuhi, Area D,
naweka kiganja juu ya boneti: moto,
moto wa chapati iliyotoka sasa hivi.
"Nililisogeza tu kivulini," anasema Bwana Lutengano,
na jua bado liko nyuma ya Mlimwa,
kivuli chenyewe hakijazaliwa.

Nyemo hasikii. Nyemo ameshaposa kwa macho.
Misimu mitatu ya zabibu za Hombolo imo kwenye mkoba wake,
na wiki nzima anaendesha lori la kokoto
kwenye barabara ya mzunguko, mwendo wa arobaini;
anataka, walau Jumapili,
chombo kinachosikia mguu kabla haujasema.
Subaru ya bluu. Rimu za dhahabu. Bawa mgongoni.
Na tundu la pua juu ya boneti, limepanuka
kama la mtu aliyenusa pilau ya jirani.

Mimi sinunui. Mimi nimekodiwa masikio.

Dashibodi inasema kilomita themanini na mbili elfu.
Pedali ya klachi ina kipara.
Mguu haujui kuongopa: laki mbili na ushei.
Oili kwenye kijiti ni safi kama asali ya Manyoni,
ya jana jioni. Shuka jipya, mgonjwa yule yule.
Nawasha. Nyemo anasimama nyuma na leso nyeupe.
Pumzi ya kwanza ni ya bluu;
ya pili inakana kila kitu.

Tukatoka barabara ya Singida, tukapita Nala,
vumbi la kiangazi likivuka lami
bila kuangalia kulia wala kushoto.
Gia ya tatu. Turbo ikaamka,
na nakiri, vinyweleo vilisimama.
Nina miaka hamsini na moja, madeni, goti bovu,
na nilicheka kama mtoto aliyesukumwa bembeani.
Nyemo aliniona. Hapo ndipo nilipoharibu:
fundi akicheka, mteja anafungua mkoba.

Ila nikiachia usukani linavuta kushoto,
kidogo tu,
kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kupanga.

Kizota, gereji kwangu, nikashuka shimoni na tochi.
Chini ya kiti cha dereva, ndani ya lami nyeusi ya kuficha kutu,
kucha yangu ikakwama kwenye mshono.
Nikakwangua.
Vinundu vya moto, vimelaliana kama magamba ya perege,
kutoka ubavu hadi ubavu,
na kila cha saba kimeinama.

Namjua mtu mmoja tu anayepumzisha mkono kila cha saba.
Bega lake la kulia lilivunjika utotoni, alianguka kwenye mkokoteni.
Ndilo hili linaloniuma sasa nikiinua tochi.

Msamvu, Morogoro, mwaka wa mvua nyingi.
Waliniletea mbele ya gari moja na nyuma ya jingine.
Walilipa mara mbili. Sikuuliza damu ilikuwa ya nani,
nikapaka lami juu yake
na usiku ule, Mungu anisamehe, nilikula nyama nikalala fofofo.

Ndala za Nyemo zinasimama ukingoni mwa shimo.
"Fundi, mbona kimya?"
Pembeni, viatu vya Lutengano. Anakohoa.
Kikohozi cha "tutaongea mimi na wewe".

Nikasema: haya ni magari mawili.
Nikasema: niliyafungisha ndoa mimi.

Alinyamaza. Kisha hakuuliza nilichokiogopa,
aliuliza swali la dereva wa lori:
"Litashika?"

Nikatazama mkono wangu ule pale juu, umeganda kwenye chuma.
Kazi yangu. Na sikuweza kuiapia.

Akanilipa elfu thelathini za ukaguzi.
Nikamrudishia kumi.
Sijui kwa nini kumi.