Jembe la Siku ya Tatu

Nimeilima barabara ya Hockett miaka thelathini na moja,
si kwa jembe; kwa greda la njano la kaunti,
lenye kiti kilichochanika na redio inayokoroma.
Naijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu:
ulimi huenda hapohapo, kila saa.

Ilijengwa kwa ajili ya viazi.
Malori kumi na mawili msimu wa mavuno, trekta la Gunnell,
basi moja la shule, na mjane Ardith Poole akienda kanisani
kwa mwendo wa mtu asiye na deni.
Juu ya mfereji, daraja la mbao, upana wa gari moja:
aliyefika kwanza alipita, wa pili aliinua mkono.
Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Haikuandikwa popote.

Kisha shamba la Gunnell likauzwa,
na pale vilipolala viazi zikaota mambo zenye utepe wa waridi,
halafu nyumba mia mbili na kumi na nne,
paa za kijivu, zote zikitazama upande mmoja
kama watu waliosikia jina lao likiitwa.
Mtaa wakauita Mashamba ya Gunnell.
Shamba kwa jina. Kiazi, hata kimoja.

Sasa saa moja na nusu asubuhi
taa za magari hupangana hadi kwenye tangi la maji.
Hakuna anayeinua mkono darajani.
Naziba ufa Jumatatu;
Alhamisi ufa una watoto.
Barafu ya Idaho huingia usiku kama mdai,
ikitoka imebeba kipande.

Jumanne, ukumbi wa kaunti, kahawa ya majimaji.
Hoja: kila nyumba mpya itoe dola elfu tatu na mia sita
kwa daraja la njia mbili, na ukingo wa barabara
ambao mtoto anaweza kutembea juu yake.
Bwana Ruckert, mjenzi, alisimama na suti ya rangi ya mvua.
"Barabara ni ya wote," alisema. "Na mzigo huu
hautaniangukia mimi. Utamwangukia mnunuzi."
Hakusema uongo. Hilo ndilo lililoniuma.

Maana safu ya nne alikaa binti yangu, Maren,
aliyeweka arubuni kwa nyumba ya awamu ya pili,
kiwanja namba themanini na saba, dirisha la jikoni upande wa jua.
Ana hesabu kwenye simu yake; nimeiona.
Hesabu ile haina nafasi ya elfu tatu na mia sita.

Walinipa dakika tatu. Nilitumia moja.
Nilisema: mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Hatumpi jembe kwa kumchukia.
Tunampa kwa sababu sasa ni wa hapa.
Aliye nje ya shamba haombwi jasho.
Nikataka kuongeza neno juu ya Maren;
ulimi ukaenda kwenye jino bovu, ukakaa hapo.

Kura tatu kwa mbili. Imepita.
Ruckert alifunga mkoba wake bila kelele.
Ardith Poole alipiga makofi peke yake, mara mbili, akaacha.

Nje theluji ilikuwa imeanza. Maren hakunisubiri.
Nilimfuata kwa mbali, taa zake nyekundu mbele yangu
mpaka mferejini, ambako gari lilikuja kutoka ng'ambo.
Alisimama. Lile jingine likasimama.
Kwa muda hakuna aliyepita; wipa zikafuta, zikafuta.
Kisha nikauona mkono wake ukiinuka nyuma ya kioo,
na sijui hadi leo
kama alikuwa akimpisha yule wa mbele
au akinizuia mimi wa nyuma.

Daraja jipya, wanasema, miaka miwili.
Kesho nina nusu tani ya lami baridi, na beleshi.